Rosta ya Penseli

Ilikuwa saa nane na dakika zake usiku, mwaka 2011, mwaka wangu wa tatu kazini nikiwa muuguzi mkunga. Nilikuwa na mikono miwili na wanawake wawili.

Wa kwanza alikuwa binti wa miaka 19, uzao wake wa kwanza, ametoka kujifungua muda uleule. Mtoto analia vizuri. Mama nimeshamchoma oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, vizio 10 pajani ndani ya dakika ya kwanza kama tulivyofundishwa, kondo limetoka zima. Nikamshukuru Mungu. Ndipo nikaiona damu. Haikuwa ile ya kawaida inayochuruzika na kukoma. Hii ilikuja kimyakimya, ikajaa juu ya mpira wa kitanda, ikaanza kudondoka sakafuni. Nikaweka mkono tumboni nikakuta mfuko wa uzazi umelegea kama unga uliozidi maji. Nikaanza kuusugua.

Mlango ukagongwa. Bodaboda amemleta mama wa pili, uzao wa nne, chupa imevunjika njiani, na mama mkwe wake anaita, "Sista, kuna kitu kimetoka!" Nilikiona kabla hajapanda kitandani. Kitovu cha mtoto kilikuwa kimetangulia kabla ya kichwa. Nikakigusa, kinapiga. Mtoto yuko hai.

Kila mkunga anajua la kufanya hapo. Unaingiza mkono, unakisukuma kichwa cha mtoto juu kisikibane kitovu, na mkono huo hautoki mpaka mama afike chumba cha upasuaji. Hautoki. Na kila mkunga anajua la kufanya kwa anayevuja damu: mkono juu ya tumbo, dripu, dawa ya pili, na usimwache. Vitanda vile viwili vilikuwa vimeachana hatua nne. Nilikuja kuzipima siku nyingine, mchana, wodi ikiwa tupu.

Nilikuwa peke yangu. Mwenzangu wa zamu alikuwa amehamishiwa kliniki ya watoto "kwa muda", mhudumu alikuwa likizo ya uzazi, na simu ya daktari wa zamu iliita mpaka ikakata. Nikamwambia mama wa pili apige magoti, kifua kilale godoroni, kiuno kiwe juu, na mama mkwe amshikilie asianguke. Nikarudi kwa binti. Damu ilikoma baada ya muda ambao sikuuhesabu. Niliporudi kitanda cha pili nikakishika kitovu. Hakikuwa kikipiga tena.

Asubuhi, gauni langu likiwa na damu iliyokaukia kiunoni, niliitwa ofisini. Nikapewa karatasi nyeupe isiyo na mistari na kalamu. "Andika maelezo. Kwa nini ulimwacha mama ambaye kitovu cha mtoto kimetangulia? Iwe mezani kabla ya saa nne." Hakuna aliyeniuliza kama nimekula, kama nimekaa, kama nimelia. Sidhani ilikuwa roho mbaya. Wao wenyewe ndivyo walivyolelewa kazini.

Aliyenijia ni mama wa usafi, tuliyemwita Mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama. Yeye ndiye aliyepiga deki ile damu. Alikuja na kikombe cha bati chenye uji wa mtama, akakiweka juu ya ile karatasi, katikati kabisa, pale nilipokuwa nimeshaandika jina langu. "Kunywa kwanza," akasema. Sikuwa na nguvu ya kubisha. Alama ya duara ya kile kikombe ilibaki kwenye maelezo yangu, na ndivyo nilivyoyakabidhi.

Kituo chenyewe sikitaji. Kilikuwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, na waliokuwa wakikiongoza wengi wameshastaafu.

Baada ya usiku ule sikuugua. Nilikuja kazini kila siku, nikavaa glavu, nikajaza partogramu, ile chati ya kufuatilia uchungu, mapigo ya mtoto kila nusu saa, kufunguka kwa njia kila baada ya saa nne, mistari imenyooka. Mtu angetazama mafaili yangu angesema huyu ni muuguzi hodari. Lakini mama akilia kwa uchungu nilimsikia kama redio ya jirani. Nikaanza kuwa na mdomo. Yupo mwanamke mmoja aliyefika kwetu kwa mtumbwi kutoka kisiwani, ameanza safari kabla ya alfajiri, akawa analia sana. Nikamwambia ile sentensi ambayo wanawake wa nchi hii wanaijua: "Wakati unaitafuta hiyo mimba ulilia hivi?" Alinyamaza palepale. Akajifungua akiwa ameuma kona ya kitenge chake, bila sauti. Ningetoa mengi nimpate nimwombe radhi. Simjui jina.

Sijitetei. Mama yule hakuwa na kosa, na uchovu wangu haukuwa deni lake. Ila nimekaa na jambo hili miaka mingi, na ninaamini kwamba zile lugha chafu za wodini ambazo wananchi wanazilalamikia, kwa haki kabisa, nyingi zinatoka mahali nilipokuwa mimi wakati ule. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipoieleza hali hii, ambayo kwa Kiingereza huitwa burnout, katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, halikuiita ugonjwa. Liliiweka katika mambo ya kazini: msongo wa muda mrefu wa mahali pa kazi ambao haukushughulikiwa. Mtu anaishiwa nguvu, anajitenga na kazi yake au kuichukia, na anaona hakuna la maana analolifanya tena. Nilipoyasoma maelezo hayo nilivuta kiti nikakaa. Ningekuwa nimeandikiwa mimi yasingekuwa tofauti. Na neno lililonigusa zaidi ni hilo la mahali pa kazi, maana kwa miaka yote nilikuwa nikijitafuta kasoro mwilini na moyoni mwangu.

Kwetu tuna neno linalozima mazungumzo haya haraka sana. Uuguzi ni wito. Ninaliamini neno hilo. Nilikula kiapo nikiwa nimeshika mshumaa na machozi yalinitoka. Lakini nimeliona likitumika kama kifuniko cha sufuria. Muuguzi akisema amelala saa tatu ndani ya siku mbili, anaambiwa ni wito. Akidai malipo ya saa za ziada, wito. Akiomba mtu wa pili leba, wito. Padri naye ana wito, na bado ana nyumba, ana chakula mezani, na ana siku ya mapumziko.

Mwalimu wangu mmoja wa chuo alikuwa kazini hapa Mwanza meli ya MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996. Alitusimulia mara moja tu, darasani, tena kwa kifupi mno. Alisema siku zile alifanya kazi mpaka miguu ikavimba, kisha akarudi nyumbani akasonga ugali. Mwanafunzi mmoja akamuuliza, "Mwalimu, mliongea na nani baada ya hapo?" Alimtazama kama hakuelewa swali. Kisha akageukia ubao akaendelea na somo la vidonda. Nilipokuwa mwanafunzi nilimwona shujaa kwa sababu hiyo. Sasa ninamfikiria kama mtu aliyebeba mzigo ule zaidi ya miaka kumi na hakuna aliyewahi kumwambia, tua.

Niseme neno kuhusu kivuko, kwa sababu watu wakizungumzia ustawi wa wauguzi wanataja semina, hawataji barabara. Miaka ile tukimpa mgonjwa rufaa kwenda Bugando, hospitali kubwa ya Mwanza, muuguzi wa zamu ndiye aliyemsindikiza, na wodi ikabaki na aliyebaki. Pale Busisi tunangoja kivuko. Umekaa nyuma ya gari la wagonjwa, umeishika dripu juu kwa mkono kwa sababu ndoano imekatika, unapima presha, inashuka, unaziona taa za Kigongo ng'ambo, na katikati yako na taa zile kuna maji. Ndugu wa mgonjwa anakutazama wewe. Hamtazami nahodha. Daraja la J.P. Magufuli lilipozinduliwa Juni 2025, kilomita 3 za zege kutoka Kigongo mpaka Busisi, nililivuka kwa basi siku ya kawaida nikienda msibani. Dakika chache tu tukawa tumeshafika. Nililia, jirani yangu kwenye kiti akadhani ni kwa ajili ya marehemu.

Nilihamishiwa upande wa mjini, na huko ndiko nilikokutana na yule tuliyemwita Mjomba.

Alikuwa muuguzi mfawidhi mpya wa wodi yetu, mtu wa Ukerewe, mtoto wa mvuvi wa dagaa. Kabla yake inchaji wetu alikuwa akiandika rosta, yaani ratiba ya zamu, kwa kalamu ya bluu, anaibandika ukutani jioni ya mwisho wa mwezi, na ikishabandikwa imebandikwa. Ukitaka kubadilishana zamu kwa ajili ya ubarikio wa mtoto wako, unatafuta mwenzako kwa siri, mnavizia. Ilikuwa rosta safi, imejaa kila kisanduku. Wakaguzi wakija wanaisifu.

Mwezi wa kwanza Mjomba aliiandika kwa penseli. Tulicheka. Tulidhani hajajiamini.

Siku chache kabla ya mwisho wa mwezi alitundika daftari kwenye msumari kando ya kabati la dawa. Andika tarehe unazozihitaji, sababu si lazima. Kisha akawachukua wauguzi wawili, kila mwezi wawili tofauti, wakakaa naye mezani kupanga. Zamu yangu ilipofika ndipo nilipoijua kazi hiyo ilivyo ngumu. Majina kumi na manne yameshuka upande wa kushoto, tarehe zimekwenda kulia, na wewe unajaza herufi: A ya asubuhi, J ya jioni, U ya usiku. Unaanza na huruma, ukifika tarehe 12 huruma imekwisha na watu hawatoshi. Mimi nikafanya nilichokuwa nimekiona siku zote. Nikamchukua aliyetoka naiti asubuhi nikamwandikia kwamba siku hiyo ndiyo off yake.

Mjomba akafuta. "Huyu mtu saa mbili asubuhi bado yuko hapa anakabidhi zamu," akasema. "Ataingia nyumbani saa nne, atalala mpaka saa kumi. Hiyo siku umeila wewe. Off yake inaanza kesho."

Wauguzi wanaosoma hapa wanaijua dhuluma hiyo ndogo. Ni siku moja tu kwenye karatasi, lakini kwa mwaka inakuwa wiki kadhaa za maisha ya mtu, za watoto wake, za usingizi wake. Mjomba alikuwa na kanuni nyingine chache za namna hiyo. Anayemaliza jioni haingii alfajiri yake. Naiti tatu mfululizo, zisizidi. Na muuguzi mgeni haachwi leba usiku peke yake, hata kama ina maana kliniki ya mchana ipungue mtu. Hilo la mwisho nililiandika mwenyewe kwa mkono wangu, na nilipoliandika niliziona zile hatua nne.

Siku moja nikamuuliza kwa nini anasumbuka na penseli. Akanieleza habari za baba yake. Wavuvi wa dagaa huvua gizani, taa zao ndizo zinazowavuta dagaa juu. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, ziwa zima lina mwanga. Basi siku hizo kila mwezi mitumbwi inapandishwa mwaloni, watu wanashona nyavu, wanalala, wanakula na watoto wao. "Baba hakuomba likizo kwa mtu," akasema Mjomba. "Mbalamwezi ilimpa. Nyinyi hamna mbalamwezi. Hospitali inawaka taa usiku wote wa mwezi. Kwa hiyo lazima mtu aitengeneze kwa mkono."

Lakini kitu kikubwa zaidi alichotufundisha kilikuwa kwenye visanduku vitupu. Tulipomaliza kupanga, kwa kanuni zile, visanduku kumi na moja vilibaki bila mtu. Nikataka kuvijaza. Akanizuia. Akachukua kalamu nyekundu, kalamu ya pekee aliyoitumia kwenye rosta, akavizungushia duara kimoja kimoja, akatoa nakala akaipeleka kwa wakubwa. Akawaambia hivi ndivyo wodi ilivyo, na siku hizi kumi na moja sina mtu, naomba mniambie nifanye nini.

Pale ndipo nilipoelewa kilichokuwa kimetupata miaka yote. Ile rosta ya bluu iliyojaa ilikuwa inasema uongo. Ilionekana imejaa kwa sababu sisi tulivutwa kama ngozi ya ngoma mpaka tukaziba matundu. Mkurugenzi akiitazama haoni upungufu, anaona utaratibu. Na muuguzi mmoja anapoachwa na vitanda viwili usiku wa manane, kwenye karatasi hakuna kosa la mtu yeyote ila lake. Nilikumbuka rosta ya usiku ule wangu wa 2011. Kisanduku cha mwenzangu kilikuwa na herufi yake. Kwenye karatasi tulikuwa wawili.

Miezi minane ilipita kabla ya kuletewa watu wawili. Sitaki kupamba. Kumi na wanne tukawa kumi na sita, na bado hatutoshi, na duniani kote hali ni hiyo: ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 ilihesabu wauguzi milioni 29.8, na upungufu wa milioni 5.8. Hakuna penseli inayozaa muuguzi. Ila katika ile miezi minane, kabla hatujaongezwa hata mtu mmoja, kutoripoti kazini kulipungua, na nilimsikia dada mmoja aliyekuwa maarufu kwa ukali akimwimbia mtoto mchanga.

Mjomba alikuwa na nakala iliyochakaa ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kwenye droo, na alitaka kila mmoja wetu aijue. Wengi tulikuwa hatujawahi kuifungua. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zikizidi hizo ni za ziada. Kazi ya usiku ni kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa yake ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mjamzito hapangiwi usiku miezi miwili kabla ya tarehe yake ya kujifungua, wala mama katika miezi miwili baada ya kujifungua. Anayenyonyesha ana haki ya muda wa kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Wakunga wazima, tunaowafundisha wanawake kutwa nzima faida za maziwa ya mama, tulikuwa tunakamulia maziwa yetu chooni na kuyamwaga.

Neno "kuwezesha", yaani kumpa muuguzi anachohitaji ili afanye kazi yake, limechoka kwa kutumiwa, lakini hapa mkoani kwetu tuna mfano wake ambao ningependa kila muuguzi aujue. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vijijini Mwanza, watafiti walichukua jamii 12 wakazipanga jozi 6. Katika kila jozi, upande mmoja wahudumu waliokuwapo kwenye vituo vya afya na zahanati walifundishwa kutibu vizuri magonjwa ya zinaa, dawa zikahakikishwa hazikatiki, na wasimamizi wakawa wanawatembelea mara kwa mara. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 kwenye jarida la The Lancet: maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 ukilinganisha na upande wa pili. Dunia nzima iliuzungumzia utafiti huo. Watu husimulia habari za dawa. Mimi husimama kwenye lile la kutembelewa. Zahanati ya kijijini, yenye mtu mmoja au wawili, inajua kwamba tarehe fulani atakuja mtu aketi nao, atazame kazi, aulize kilichowashinda. Nimefanya kazi mahali ambapo mgeni kutoka wilayani alikuja na daftari la makosa tu, na ninaujua utofauti wake tumboni.

Maana hofu inaua. Nitoe mfano wa binti mmoja wa wodi yetu, miaka kadhaa iliyopita, aliyejichoma sindano aliyotoka kumtolea mgonjwa damu. Hakusema. Boksi la sindano lilikuwa limejaa mpaka mdomoni na yeye aliona ataambiwa ni mzembe. Nilimgundua siku ya pili jioni kwa sababu alikuwa ameosha kidole kile mpaka ngozi imechubuka. Dawa kinga ya VVU inatakiwa ianzwe mapema iwezekanavyo, na mwisho kabisa ni saa 72, kisha inamezwa siku 28. Tulikimbia. Ukitazama kwa hesabu, hatari ya kupata VVU kwa sindano yenye damu ya mwenye virusi ni kama watu 3 katika 1,000, na homa ya ini aina ya B ndiyo ya kuogopwa zaidi kwa asiyechanjwa. Yeye hakuwa amemaliza dozi zake tatu. Alibaki salama. Lakini alipokuwa akinywa ile dawa ya kwanza mbele yangu alisema jambo moja: "Dada, niliogopa karatasi kuliko virusi."

Karatasi ileile nyeupe. Kuumia kazini ni jambo ambalo nchi imelitungia sheria, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umeanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, na hapa mtoto wa watu anaficha jeraha kwa sababu ya namna anavyoamini atatazamwa asubuhi.

Kwenye mshahara sitakaa sana, si kwa sababu si muhimu. Muuguzi anayeuza vitenge kwenye kundi la WhatsApp katikati ya zamu hafanyi hivyo kwa kupenda biashara. Alipwe, alipwe kwa wakati, na malimbikizo yake yasingoje mpaka astaafu. Hilo kila mtu analijua, na chama cha wafanyakazi kinalisema vizuri kuliko mimi.

Nyuma ya wodi yetu kuna mwarobaini, na chini yake Mjomba aliweka benchi. Aliliomba kwa fundi wa hospitali, mbao mbili na matofali. Aliyekuwa na usiku mbaya anakwenda kukaa pale kabla ya kwenda nyumbani, na Mayu wetu wa huko, maana kila wodi ina Mayu wake, anamfuata na chai na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Baadaye nilisoma kwamba Zimbabwe walianza jambo kama hilo mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alipowafundisha mabibi wa mtaani jijini Harare kukaa kwenye mabenchi na kuwasikiliza watu wenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sikushangaa. Kinyozi hajinyoi, na sisi tunaotibu wengine hatuwezi kujitua mzigo kwa mikono yetu wenyewe. Anayekutua si lazima awe na shahada. Ila lazima liwepo benchi, na lazima uwepo muda wa kulikalia, na muda huo uko kwenye rosta.

Kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale, tunavaa fulana, tunaandamana, tunawasha mishumaa, tunakata keki. Ninaipenda siku hiyo na nitaandamana tena. Nawaomba tu viongozi wanaokuja kutuhutubia, wakishuka jukwaani waingie wodi moja, yoyote, waombe kuonyeshwa rosta ya mwezi huo. Wasiulize imejaa. Waulize nani alikuwa hapa kweli usiku wa tarehe 9.

Mjomba alistaafu, akarudi kwao Ukerewe. Mimi sasa ndiye inchaji wa wodi ya wazazi, na penseli yake ninayo, imebaki urefu wa kidole gumba.

Mwezi uliopita, saa moja na nusu asubuhi, nilimkuta binti wa zamu ya usiku amekaa kwenye chumba cha dawa. Walikuwa wawili usiku ule, yeye na mwenzake, na walifanya kila kilichopaswa kufanywa, na bado mtoto mmoja hakupumua. Alikuwa ameshajitafutia karatasi mwenyewe. Ameandika jina lake juu, tarehe, na neno "Maelezo", amelipigia mstari kwa rula.

Nilikwenda jikoni kwa wahudumu. Uji ulikuwa bado moto. Nikarudi na kikombe nikakiweka juu ya ile karatasi.

Alikunywa nusu. Tukakaa. Baadaye tuliandika maelezo pamoja, kwa sababu mtoto yule anastahili kuandikwa vizuri na wenzetu wanahitaji kujifunza kilichotokea, na yalikuwa maelezo marefu, yenye saa na dakika, yasiyo na neno la kuomba msamaha ndani yake. Kisha nikaibandua rosta ukutani nikaileta mezani. Usiku huo alikuwa na U nyingine.

"Nani atakuja badala yangu?" akauliza. "Watu hakuna."

Nikafuta ile U yake, nikapuliza vumbi la ufutio, nikaandika U kwenye mstari wangu.